Njooni Ottawa kabla barafu haijayeyuka

Ottawa, Januari

Kwa sahibu yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto huko Toronto. Sisi hapa tu wazima. Barua yako nimeisoma kwa makini, nami nimesikitika kuona kwamba tangu Novemba hutoki nje ila kwa kazi, shule na soko, na kwamba unahesabu siku hadi Aprili. Niruhusu nikubishie kidogo, kwani majira ya baridi ya nchi hii ni marefu mno kuyamalizia dirishani.

Jambo ambalo sisi tuliokulia pwani hulielewa kinyume ni kwamba baridi kali si adui mkubwa. Siku inayochosha mwili ni ile ya nyuzi sifuri, theluji inapoyeyuka ikawa tope, viatu vikaloa na unyevu ukapenya hadi mifupani. Kipimo kikishuka hadi nyuzi kumi au kumi na tano chini ya sifuri, mara nyingi anga hutakata, theluji hukauka hata ikawa inalia chini ya nyayo, na mtu aliyevaa sawasawa huweza kutembea kwa muda mrefu bila kujikunyata. Siku za namna hiyo ndizo ninazozichagua, na hutoka mchana, kwa kuwa mwezi wa Desemba jua huzama hapa kabla ya saa kumi na moja jioni.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Mfereji wa Rideau. Ulichimbwa kwa ajili ya vyombo vya majini na kukamilika mwaka 1832, lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 umekuwa ukigeuzwa, karibu kila majira ya baridi, kuwa njia ya kuteleza juu ya barafu yenye urefu wa kilomita 7.8, isiyo na kiingilio, inayopita katikati ya jiji. Maji hupunguzwa wakati wa vuli, na baridi ikishika, wafanyakazi huondoa theluji na kumwagia maji juu ya barafu ili izidi kunenepa. Hawaruhusu watu kuingia mpaka barafu nzuri ifikie sentimita 30 hivi. Katika msimu wa 2022–2023 joto lilizidi na mfereji haukufunguliwa hata siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla ya hapo. Tangu mwaka huo nami, mtoto wa Tanga, nimo miongoni mwa wanaoomba baridi iongezeke.

Usihofu kwamba hujui kuteleza. Viatu vyenye vyuma hukodishwa pale pale, na watoto wadogo wanaweza kuvutwa kwenye sledi, yaani kigari kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya barafu. Kunja magoti, inamia mbele kidogo, na ukiona unaanguka, anguka kwa ubavu, usijaribu kujizuia kwa viganja, kwa maana wengi huvunjika vifundo vya mikono kwa njia hiyo. Mkichoka, kandokando ya barafu kuna vibanda vinavyouza BeaverTails, vipande vya unga wa ngano vilivyokaangwa na kunyunyiziwa sukari na mdalasini, ambavyo kwa ladha ni ndugu wa mandazi yetu, ingawa havina iliki.

Kuhusu mavazi nitasema zaidi, kwa sababu hapo ndipo raha hupotea. Nguo ya pamba isiguse ngozi, kwani hunywa jasho na kubaki imelowa. Tafuta sufu, au kitambaa chepesi cha michezo, kisha juu yake sweta, na juu kabisa koti linalozuia upepo. Usivae soksi jozi mbili ndani ya viatu vya kuteleza, maana zikibana damu haipiti vizuri na vidole huganda upesi kuliko ungevaa moja. Glavu za watoto ziwe zile zisizotenganisha vidole. Zaidi ya yote, wakague masikio, pua na vidole mara kwa mara. Watu hapa huambiwa watazame wekundu au weupe, lakini kwa ngozi yetu rangi hizo huonekana kwa shida, kwa hiyo waulize kama wanahisi ganzi. Akisema ndiyo, mwingize ndani mara moja, wala usimsugue.

Jumatatu ya tatu ya Februari ni sikukuu ya familia katika Ontario, nanyi mtakuwa na siku tatu za mapumziko. Njooni Ijumaa jioni. Jumamosi tutakwenda mfereji ikiwa bendera ya kijani, ishara kwamba njia imefunguliwa, itakuwa inapepea, na Jumapili tutavuka mto hadi Hifadhi ya Gatineau, upande wa Quebec, ambako njia zimekata msituni na vipo vibanda vyenye majiko ya kuni ambamo mtu hula chakula chake huku soksi zikikauka. Chai ya tangawizi ni juu yangu. Niandikie namba za viatu vya watoto, nami nitawaulizia majirani kabla hatujafikiria kukodi.

Wasalaam,
Sahibu yako wa Ottawa