Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Mgeni Acheze Kwanza

Ndugu wanachama,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti, kila mwaka unapoisha, asimame mbele yenu aeleze chama chetu cha kucheza vita vya kale mezani, kwa majeshi ya askari wadogo wa kuchezea, kimefika wapi. Hesabu za fedha atazisoma mhazini baada yangu, nami sitaziingilia. Mengi ya mwaka huu mliyaona wenyewe. Nitatumia muda wangu kwa jambo moja lililotusumbua na bado halijaisha: namna tunavyompokea mtu anayeanza.

Wageni hawakuwa haba. Walikuja wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), watumishi waliohamia Dodoma pamoja na wizara zao, walimu wa historia, na fundi seremala mmoja wa Chang'ombe aliyechungulia dirishani akaona meza yenye vilima vya kijani, akaingia kuuliza tunauza nini. Wengi hawakurudi. Katibu aliwapigia simu baadhi yao na majibu yakafanana: walidhani huwezi kucheza mpaka uwe na jeshi lako. Hawakulitoa hewani. Mtu akiuliza anaanzaje, alikuwa anatajiwa makampuni ya Uingereza, bei za pauni, aina za rangi, halafu anaingizwa kwenye ubishi wa kimo cha askari, milimita 15 au milimita 28, ambao wengine wetu humu tunaupenda kuliko mchezo wenyewe. Anaondoka na daftari limejaa, dadu hajaishika.

Kamati ikaweka utaratibu mpya. Mgeni akifika anavutiwa kiti, anakabidhiwa jeshi la chama, anacheza siku hiyo hiyo. Maswali ya kununua yanasubiri.

Utaratibu huo ulihitaji kanuni fupi za mchezo, na ndiyo maana tumebaki na De Bellis Antiquitatis, ile tunayoiita DBA, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Zipo kanuni nyingine nzuri, na wanaozipenda wataendelea kuzicheza. Lakini kwa mgeni sijaona ya kuishinda hii. Kila upande una vipande 12, basi. Kipande ni kibao chembamba ambacho askari wachache wamegandishwa juu yake, na kibao kizima ndicho kinachosogea, kupigana na kufa. Kwa askari wa milimita 15, upana wa kibao ni milimita 40 na uwanja wote ni sentimita 60 kwa 60. Ubao wa plaiwudi juu ya stuli mbili unatosha, na mchezo mara nyingi huisha kabla ya saa moja.

Kila zamu unarusha dadu moja. Namba inayotoka ndiyo idadi ya amri ulizonazo. Vipande vilivyoshikana bega kwa bega vikisogea pamoja vinakula amri moja. Vikitawanyika, kila kimoja kinadai yake. Hapo ndipo mgeni anapoanza kuelewa, bila kuhubiriwa, kwa nini majemadari wa kale waling'ang'ania mstari usikatike. Vipande vya pande mbili vikigusana, kila mchezaji anarusha dadu na kujumlisha nguvu ya askari wake dhidi ya adui wa aina ile. Aliyezidiwa kwa kawaida anarudishwa nyuma. Aliyezidiwa maradufu mara nyingi anaondoka mezani. Ukipoteza vipande vinne, na mwenzako amepoteza vichache kuliko wewe, umeshindwa.

Mito, misitu, vilima na tabia za tembo atavikuta njiani. Kitabu chenyewe Kiingereza chake kimebanwa mno, hata wenye lugha yao hukilalamikia, kwa hiyo katibu ameandaa karatasi moja ya Kiswahili ya kuanzia. Anayetaka kuendelea anunue kitabu. Ile karatasi si mbadala wake.

Sasa jeshi. Mgeni akishacheza mara kadhaa akauliza atengeneze lipi, jibu la chama liwe hili: tengeneza mawili, yaliyopigana kweli. Dodoma si mji ambao mpinzani anakusubiri mtaa wa pili na jeshi lake tayari. Mwenye majeshi mawili anaweza kumkalisha shemeji yake sebuleni Jumapili na vita vikaendelea. Jozi rahisi kuliko zote ni Roma ya Jamhuri na hasimu wake Karthago, dola ya Afrika Kaskazini iliyokuwa katika Tunisia ya leo. Tazameni jeshi la Roma lilivyopangwa: vipande sita vya hastati na principes, askari wa miguu ambao ndio uti wa mgongo, viwili vya triarii, wakongwe wenye mikuki mirefu wanaokaa nyuma, viwili vya velites, vijana wa mikuki ya kurusha wanaotangulia mbele, na viwili vya wapanda farasi, kimoja kikiwa cha jemadari. Vipande viwili tu vya wapanda farasi. Mwenye kuicheza Roma anaona udhaifu wake mapema, pale adui anapozunguka ubavuni na yeye hana wa kumtuma.

Na huo ndio uliowaponza Warumi kule Cannae, Italia, mwaka 216 KK. Hannibal, jemadari wa Karthago, aliacha katikati ya mstari wake irudi nyuma taratibu huku farasi wake wakifagia pembeni, na jeshi kubwa la Roma likajikuta limezingirwa na jeshi dogo kuliko lenyewe. Wanumidia, wapanda farasi wepesi waliotoka eneo ambalo leo ni Algeria na sehemu ya Tunisia, walikuwa upande wa Hannibal siku ile. Mwaka 202 KK kule Zama, Afrika Kaskazini, wengi wao walikuwa na kiongozi wao Masinissa, na Masinissa alikuwa upande wa Scipio, jemadari wa Roma. Hannibal alikuja na tembo 80. Scipio akaacha njia wazi kati ya vikosi vyake ili wapite. Farasi wa Masinissa waliporudi wakitokea mgongoni mwa Karthago, habari ikaishia hapo. Kwa anayehesabu shilingi zake, ukweli huu una faida: vipande vile vile vya Wanumidia vitakufaa upande wowote, kutegemea mwaka unaoucheza.

Kuhusu askari wenyewe, msimamo wangu mnaujua na naurudia hapa ili uingie kwenye kumbukumbu za kikao. Askari wa karatasi ni askari. Unachapisha steshenari, unabandika kwenye manila, unakata, unasimamisha kwenye kibao. Wapo kati yetu wanaoona ni aibu kuweka karatasi mezani mbele ya jeshi la madini lililopakwa rangi kwa miezi. Aibu ni ile meza iliyokaa tupu wakati wageni wanasoma orodha za bei. Wale wa plastiki laini wa kipimo cha 1/72 ni hatua nzuri inayofuata, ila waosheni kwa maji ya sabuni kabla ya rangi, maana wanatoka kiwandani na utelezi, na rangi iliyopakwa juu ya utelezi huo itabanduka. Milimita 28 ni wazuri wa kutazama, sikatai. Waacheni wawe jeshi la pili.

Nikiulizwa mwaka huu tumefanya nini cha kujivunia, nitataja meza ya Kushi. Wazo lilitoka kwa mwalimu mmoja, mwanachama wetu, aliyechoka kusikia wanafunzi wake wakidhani vita vya kale ni habari ya Ulaya. Katika miaka ya 20 KK, jeshi la ufalme wa Kushi, uliokuwa na makao yake Meroe katika Sudan ya leo, lilishuka Mto Nile likaishambulia Aswan, kusini mwa Misri, iliyokuwa imelindwa na vikosi vitatu vya Roma, likaangusha sanamu za Kaisari Augusto. Kichwa cha sanamu moja ya shaba kilichimbuliwa Meroe mwaka 1910, kimezikwa chini ya ngazi za hekalu, mahali ambapo kila aliyeingia alikikanyaga. Leo kipo British Museum. Petronius, gavana wa Roma nchini Misri, akapanda na jeshi kulipiza kisasi hadi Napata, mji wa Kushi. Mwisho wa yote wajumbe wa Kushi walikutana na Augusto kisiwani Samos, naye akawasamehe kodi.

Tunayajua haya kwa sehemu kubwa kupitia Strabo, mwanajiografia Mgiriki wa zama zile aliyeandika akiwa upande wa Roma, kwa hiyo tuliyapokea kwa tahadhari. Anasema Petronius alikuwa na askari wa miguu wasiofika 10,000 na farasi 800, dhidi ya watu 30,000 walioongozwa vibaya. Kwa vipande 12 kwa 12 tofauti hiyo haionekani. Tukakubaliana kwamba Kushi ipewe vipande 16, lakini amri zake zisizidi tatu kwa zamu hata dadu ikitoa sita. Ikawa vita ngumu kwa wote wawili: mmoja ana watu asioweza kuwasogeza, mwingine ana uwezo wa kusogeza watu asionao. Inaweza kubishaniwa, na imebishaniwa sana, ila kwa meza ya wanafunzi ilifaa.

Strabo anasema pia kwamba Wakushi walibeba ngao kubwa za ngozi mbichi ya ng'ombe. Rangi ya ng'ombe hakuitaja. Tulipopeleka kazi ya kupaka rangi kwa wanafunzi wa kidato cha pili, kijana mmoja anayetoka Chamwino alizishika zile ngao, kila moja ndogo kuliko ukucha, akaanza kuzipaka kwa ncha ya kijiti cha meno: hii nyekundu yenye baka jeupe tumboni, hii nyeusi ya madoadoa, hii ya kijivu yenye mstari mgongoni. Hakutazama picha yoyote. Alikuwa anapaka ng'ombe wa kwao. Wenzake wakaanza kuzitambua na kubishana ipi ni ya nani. Ngao zile ziko kwenye kabati la chama na naomba zisichanganywe na nyingine.

Niongeze mawili matatu kuhusu kupaka rangi katika mji huu, kwa sababu maelekezo mengi tunayosoma yameandikwa na watu wa nchi zenye mvua. Rangi ya kupuliza isitumike nje kipindi cha upepo, kuanzia Juni hadi Septemba hivi. Nusu inaenda kwa jirani, na inayobaki inashika vumbi kabla haijakauka, askari anatoka na ngozi ya msasa. Pakeni rangi ya msingi kwa brashi, ndani, madirisha yamefungwa upande wa upepo. Hewa yetu kavu nayo inakausha rangi ya maji kwenye brashi kabla hujafika kwa askari wa tatu. Chukueni kopo la plastiki la chakula, wekeni sponji iliyoloweshwa, juu yake karatasi ya kuokea, na rangi ikae juu ya karatasi hiyo. Ukifunga kopo, kesho utaikuta bado laini. Kwa upande wa ardhi tumebarikiwa. Wenzetu wa nje wananunua mchanga wa kupamba vibao kwa pakiti. Sisi tunachota korongoni, tunauchekecha kwa chujio la chai, tunaumwagia juu ya gundi nyeupe ya mbao, na umeshakuwa Numidia.

Ukumbi uliendelea kutusumbua. Mwenye ukumbi wa zamani alipandisha kodi katikati ya mwaka bila kutuandikia, tukahamia darasa tunalopewa jioni na wikendi. Taa ni hafifu lakini meza ni ndefu. Mizigo kutoka nje imechelewa kama kawaida, na ushuru wa forodha umewashtua wale walioagiza peke yao. Kuanzia sasa tunaagiza kwa pamoja kupitia katibu. Wenzetu wa Dar es Salaam na Morogoro wameahidi kuja kucheza nasi, na kwa kuwa treni ya SGR inawafikisha asubuhi na kuwarudisha jioni, visingizio vyao vya zamani havipo tena. Yule fundi seremala wa Chang'ombe, kwa wanaojiuliza, ndiye anayetukatia vibao. Anakata kwa milimita 40 kamili, vizuri kuliko vile tulivyowahi kununua, na anacheza Karthago.

Kamati inaleta kwenu hoja mbili. Ya kwanza, chama kitengeneze majeshi manne zaidi ya kuazima, ya karatasi, mgeni aweze kuondoka nayo nyumbani kwa wiki mbili kwa kuandika jina kwenye daftari bila kuweka amana. Najua mhazini ana wasiwasi na sehemu ya mwisho. Yasiporudi, tutakuwa tumepoteza manila na gundi. Ya pili, ada ya mwanafunzi iwe nusu ya ada ya kawaida kuanzia Januari. Naomba zipigiwe kura kando kando, si kwa pamoja, kwa sababu nafahamu wapo wanaoikubali moja na kuikataa nyingine.

Kabla ya kura, mhazini asome hesabu. Karibu, ndugu mhazini.