Barua kwa mpwa wangu anayeichora Amu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Mchoro uliotuma kwa simu umefika, na mamako ameshauzungusha kwa jamaa wote, kutoka Langoni hadi Shela. Mkono wako ni mwepesi, mashallah. Nimeamua kukujibu hadharani ili na vijana wenzio wa Amu, yaani Lamu, waliotawanyika Mombasa na Nairobi wasome, maana ninalotaka kukwambia linawahusu nyote: jahazi uliyoichora si ya kwetu.

Itazame tena. Mlingoti umeusimamisha wima, na tanga umelifunga kwenye mlingoti huohuo, mtindo wa boti za Ulaya. Mlingoti wa jahazi zetu huinama kuelekea mbele, na tanga huning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu unaopandishwa mshazari. Chombo kikigeuzwa upepo ukiwa nyuma, mabaharia huizungusha foromali mbele ya mlingoti ili tanga lihamie upande wa pili, na kazi hiyo ina kelele, kamba na jasho. Picha za mtandaoni hupigwa jua likizama, kila kitu kikiwa kivuli cheusi, kwa hiyo ukinakili kutoka huko utapata umbo tu. Kaa gatini asubuhi na daftari lako. Utaona kamba inatoka wapi na inafungwa wapi.

Kuna watu duniani wameufanya huu kuwa mwenendo. Mwaka 2007 mwandishi wa habari na mchoraji Gabriel Campanario, aliyekuwa Seattle kule Marekani, aliwakusanya mtandaoni wachoraji wa miji, na sharti lao kubwa ni kuchora papo hapo, kile unachokiona kwa macho yako. Nalipenda sharti hilo. Ila sitaki udhani kwamba mkono wa kuchora tumeuazima ugenini. Kule Siyu, kisiwani Pate, waandishi walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kurasa zake kwa wino wa rangi, tangu kabla hakujakuwa na kamera pwani hii. Mafundi wetu wa milango mpaka leo huchora nakshi kwenye ubao kwanza, ndipo washike patasi.

Najua utaniuliza juu ya watu. Wapo wazee wetu wanaochukia kuchorwa kwa kiumbe chenye roho, na hoja yao ni ya dini, haistahili kubezwa. Mimi nimelishika hivi: simchori mtu uso bila idhini yake, na mwanamke simchori kabisa mpaka yeye mwenyewe akubali. Mgongo wa hamali aliyeinamia mkokoteni unasema mengi. Mikono ya mzee anayeshona kofia barazani inasema zaidi ya uso wake, ukiwa na subira ya kuifuata sindano inavyopita kwenye vitundu. Ukimaliza, mwonyeshe. Akisema ondoa, ondoa, na umshukuru.

Sasa niseme lililo moyoni hasa. Tangu 2001 mji wetu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na milango yetu imechorwa na kupigwa picha na wageni wasiohesabika. Siwalaumu, ni mizuri. Lakini mlango una walinzi wake na vitabu vyake. Shogi, lile pakacha la mizigo mgongoni mwa punda, lina nani? Yule kijana anayepakua mawe ya Manda kutoka chomboni, akayapanga kwenye punda mmoja mmoja kwa sababu gari halipiti kwenye vichochoro, kazi yake imeandikwa wapi? Pikipiki zimeshaingia kisiwani. Vitu vya kila siku ndivyo vinavyotoweka bila mtu kuuliza, na mchoraji wa kuviandika awe mtoto wa hapa, anayejua kila kitu kinaitwaje na kinashikwaje. Anza navyo. Chora ngome ukitaka, lakini kaa pale Mkunguni, uwanja ulio mbele yake, uipe mgongo, uchore soko na wazee wanaobishana chini ya miti.

Kuhusu nyumba, jambo moja litakusaidia kuliko mafunzo mengi. Dari zetu hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo hazizidi sana mita tatu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine: unapita tekani ya kuingilia, kiwanda kilicho uwanja wa wazi, misana ya kukaa, mpaka ndani. Ukilijua hilo, utajua kwa nini madirisha na kuta vimekaa vilivyokaa, na hutachora chumba cha mraba ukakiita cha Amu. Kuta nazo hazijanyooka. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na chokaa imepakwa juu ya chokaa miaka na miaka. Usitumie rula.

Vichochoro vitakusumbua, kwa kuwa huna pa kurudi nyuma uone jengo zima. Geuza daftari lisimame, chora kwenda juu: daka, ile baraza ya mlangoni, mlango, ukuta mrefu, kisha wikio, kile chumba kinachovuka njia kwa juu, na utepe wa mbingu. Adhuhuri jua hushuka humo kama upanga, upande mmoja mweupe na mwingine giza, na ni saa nzuri kuliko watu wanavyodhani. Nakshi za mlango usizihesabu ua kwa ua. Weka mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, mahali pake, tia vivuli, jicho la mtazamaji litamaliza.

Rangi za maji zina taabu zake msimu wa kusi. Hewa ina chumvi na unyevu, karatasi inalegea, rangi inakataa kukauka. Kalamu ya wino inatosha.

Mamako ananiambia utakuja Mfungo Sita kwa Maulidi ya msikiti wa Riyadha. Njoo siku chache kabla, mji ukiwa bado unafagiliwa na wageni wa visiwani wanashuka na mizigo yao gatini. Nimeshazungumza na fundi mmoja wa Matondoni, ana chombo mbavu wazi pale ufukweni, na amekubali tukae karibu naye tuchore mradi tusimzibie njia. Leta karatasi nzito za huko Nairobi, zangu zinakaribia kwisha.

Mjomba wako,
Amu