Mpwa wangu, usilipie kozi ya udukuzi kwanza

Kwako mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mamako amenieleza kwamba pesa za kozi ya udukuzi ya wiki sita zishakusanywa. Nakuomba mzizuie kidogo. Anayeanza na udukuzi kabla ya kuujua mtandao hubaki kubonyeza programu asizozielewa, na akiulizwa kwenye usaili poti (milango yenye namba ambayo huduma za kompyuta hupitia) 22 na 443 ni za nini, hukwama.

Anza na mtandao wenyewe, miezi mitatu hivi: anwani za IP (namba za kutambulisha mashine mtandaoni), DNS (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani hiyo), kazi ya swichi (huunganisha mashine za mtandao mmoja) na ya ruta (huunganisha mtandao mmoja na mwingine). Pakua Wireshark, programu ya bure ya kutazama data inayopita mtandaoni, ufungue tovuti yoyote huku unaitazama. Mashine yako hutuma SYN (ombi la kuunganishwa), seva hujibu SYN-ACK (imekubali), yako humaliza kwa ACK (imethibitisha). Ukijibiwa RST (umekataliwa), poti imefungwa. Usipojibiwa chochote, mara nyingi kuna faiawoli (kizuizi cha mtandao) inayomeza maombi. Ukishika tofauti hiyo, matokeo ya Nmap, programu ya kukagua poti zilizo wazi, utayasoma mwenyewe bila kukariri.

Kisha jenga maabara. Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inatosha kuendesha VirtualBox (programu ya kuendesha kompyuta za kuigiza ndani ya laptopu) na mashine mbili ndani yake: Kali, ya kushambulia, uipe RAM ya GB 2, na Metasploitable, ya kushambuliwa, MB 512. Mashine ikikataa kuwaka, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya laptopu) uwashe virtualization (uwezo wa kuendesha mashine za kuigiza). Mara nyingi huwa imezimwa. Kosa linaloniogopesha zaidi ni la mtandao. Metasploitable imetengenezwa ikiwa na mianya makusudi. Ukiichagulia aina ya mtandao iitwayo bridged, inaingia kwenye waifai ya nyumba na kila aliyeunganishwa anaifikia. Chagua host-only, inayoibakiza ndani ya laptopu yako.

Na usiijaribu Nmap kwenye waifai ya jirani wala mfumo wa chuo. Kuingia mfumo wa mtu bila idhini, kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018, ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Idhini iwe ya maandishi.

Jifunze kusoma logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo), maana hiyo ndiyo kazi ya kila siku. Kwenye seva ya Ubuntu, mfumo endeshi wa Linux, fungua /var/log/auth.log. Ukikuta mistari mia mbili ya "Failed password" kutoka anwani moja ndani ya dakika tano, huyo anabahatisha nywila. Mstari wa kutafuta ni ule unaofuata: "Accepted password" kutoka anwani ileile. Hapo ashaingia. Kwenye Windows, tukio 4625 ni kuingia kulikoshindikana, 4624 ni kulikofaulu.

Hapa Mombasa utakutana zaidi na wizi wa barua pepe, hasa kwa kampuni za kutoa mizigo bandarini na mahoteli, maana malipo yao mengi hupangwa kwa barua pepe. Mwizi akipata nywila ya karani, haharibu kitu. Hukaa kimya akisoma, na huweka kwenye sanduku la barua kanuni, yaani agizo linalojiendesha lenyewe, ya kumtumia nakala ya kila ujumbe wenye neno "ankara". Siku mteja anapotaka kulipa, anaandikiwa kwamba akaunti ya benki imebadilika. Anwani ni ileile kwa macho, ila m imeandikwa r na n, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Ukiitwa, kubadilisha nywila pekee hakutoshi, kwani ile kanuni inaendelea kuvujisha. Ifute, funga vikao vyote vilivyo wazi (kila mahali akaunti ilipofunguliwa), washa uthibitisho wa hatua mbili. Data za watu zikifikiwa na kuna hatari ya kuwadhuru, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Kuhusu chuo: ukiwa na C+ ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) unaweza kuomba digrii kupitia KUCCPS, wakala wa kupanga wanafunzi vyuoni, na Chuo Kikuu cha Kiufundi kiko hapo Tudor. Si lazima digrii iitwe ya usalama wa mtandao. Sayansi ya kompyuta inafaa, mradi ina mitandao, mifumo endeshi na uandishi wa programu.

Vyeti vije baadaye. Security+, cheti cha mwanzo cha usalama wa kompyuta, ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na kufaulu ni alama 750 kwa kipimo kinachoishia 900. Ada ni ya dola, kwa hivyo usiketi kabla hujawa tayari. CISSP, cheti cha wataalamu wazoefu, iache kabisa kwa sasa: inadai uzoefu wa kazi wa miaka 5.

Zile pesa nunueni RAM na bando. Ukishapata seva ya Ubuntu ndani ya maabara yako, ishambulie mwenyewe kutoka Kali kwa nywila za kubahatisha, kisha unitumie mistari ya auth.log na maelezo yako ya kilichotokea, dakika kwa dakika. Nitaisoma yote.

Mjomba wako