Baba Neema, chenso yako siigeuzi ya mashindano

Vingunguti,
Dar es Salaam

Baba Neema, ndugu yangu,

Habari za Mafinga? Mama Neema na watoto hawajambo? Huku sote wazima, joto tu ndilo linatuchosha, na wewe najua hapo unaposoma umejifunika sweta, chai mkononi. Mzigo umefika salama. Kijana wangu aliufuata stendi ya Magufuli pale Mbezi, akarudi nao kwa bodaboda huku unga wa paini umejaa kwenye kifuniko cha klachi. Hata kuipangusa, Baba Neema?

Nimesoma kikaratasi ulichobandika kwenye tangi: "Fundi, nataka ilie kama za wale wazungu." Kwa simu huwa unanikatiza nikianza kueleza, ndiyo maana nimeamua kukuandikia. Siifanyi. Hiyo chenso ndiyo inalipa ada ya Neema, na unachoniomba ni kuigeuza mashine ya kuishi sekunde sita.

Sikutanii. Yale uliyoyaona ni mashindano ya kukata magogo ya Timbersports, yalianza Marekani mwaka 1985 chini ya Stihl wenyewe, hao wanaotengeneza chenso yako. Kuna mchezo wa chenso ya kawaida ambapo kila mtu anatumia aina moja, MS 661, iliyoirithi hiyo 660 yako. Halafu kuna huo uliokutia wazimu, chenso ya moto kama wenyewe wanavyoiita. Gogo la kipenyo cha sentimita 46, limechorwa mstari, na ndani ya sentimita 15 unatakiwa utoe visahani vitatu: kushuka, kupanda, kushuka. Mashine inakuwa chini, imezimwa. Amri ikitoka ndipo unavuta kamba. Ikigoma kuwaka, biashara imeisha. Ukivuka mstari au kisahani kikatoka nusu, hesabu yako haipo.

Na kinachofungwa pale si injini ya chenso. Wengi wanachukua injini ya silinda moja ya pikipiki za majini au za kwenye theluji, wanaitengenezea tangi, mpini na baa, ule upanga unaobeba cheni. Uzito unafika kilo 27. Cheni inakimbia hadi kilomita 240 kwa saa. Yako tuipigie hesabu: sproketi, kile kigurudumu kinachovuta cheni, ina meno 7, kila jino linavuta milimita 19 za cheni, na ikiwa haina mzigo inafika kama mizunguko 13,000 kwa dakika. Inakuja kilomita mia na kidogo kwa saa. Hiyo ndiyo cheni inayoweza kukupitia mguuni, na bado unataka mara mbili yake ukiwa umevaa kandambili. Nakujua.

Sasa nguvu inatoka wapi? Watu wanadhani ni silensa tu kutobolewa. Vijana wa hapa mtaani wanatoboa, kelele inaongezeka, wanasema imepata nguvu. Injini ya tutayimu kama yako, ya kuchanganyiwa oili kwenye petroli, haina valvu. Kila kitu kinaamuliwa na matundu kwenye ukuta wa silinda na pistoni inayoyafunika na kuyafunua. Ukiipandisha kidogo poti ya eksozi, yaani tundu la kutolea moshi, moshi unatoka mapema na injini inapenda kukimbia juu zaidi, lakini huku chini inalegea. Kazi yenyewe unaifanya kwa kijiwe kidogo cha kusagia, taa kichwani, unasukuma kutoka ndani kwenda nje ili ule utando mgumu wa ndani ya silinda usibanduke. Ukimaliza unalainisha kingo zote, maana ringi ikinasa kwenye kona kali inavunjika. Na silinda ya chenso yako ina huo utando, haina sleni ya chuma, ule mkebe wa ndani. Huwezi kuipeleka kukereza tobo kubwa kama tunavyofanya kwenye pikipiki. Ikikwaruzika, unanunua nyingine.

Kitu chenyewe hasa ni bomba la eksozi. Umeona zile chenso zina bomba nene katikati, jembamba huku na huku? Lile linafanya kazi kuliko fundi. Moshi ukitoka, wimbi la sauti linatangulia kwenye bomba. Likifika panapotanuka, linarudisha mvuto unaosaidia kunyonya moshi uliobaki. Likifika panapobana, linarudi kama msukumo, na wakati huo petroli mbichi imeshaanza kuchungulia nje kwa poti ya eksozi. Msukumo unairudisha ndani pistoni ikiwa inafunga, kama konda wa daladala ya Gongo la Mboto anavyosukuma abiria wa mwisho ndani mlango ukifungwa. Silinda inajaa kuliko inavyostahili.

Ila bomba halijui kusubiri. Kwenye mizunguko 12,000, mzunguko mmoja ni milisekunde 5. Poti ya eksozi ikiwa wazi nyuzi 190 kati ya 360 za mzunguko, wimbi lina milisekunde 2.6 tu za kwenda na kurudi. Kwenye moshi wa moto sauti inakwenda kama mita 500 kwa sekunde, kwa hiyo urefu wa kwenda ni sentimita 65 hivi. Ukikimbia 12,000, raha tupu. Ukishuka 8,000, wimbi linarudi mapema, linavuruga kila kitu, mashine inakohoa. Wewe kwenye mlingoti mkubwa, yaani mkaratusi, baa imezama yote, unashuka hadi 8,000 mara ngapi kwa siku? Kila mara.

Bomba hili lina kisa ambacho nakipenda, nivumilie kidogo. Aliyelifanyia kazi hadi likakomaa ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha pikipiki cha MZ pale Zschopau, Ujerumani Mashariki. Wakati wa vita alikuwa Peenemünde, kwenye mambo ya makombora. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilikuwa inatoa hospawa 25, yaani 200 kwa lita, bila kusukumiwa hewa. Yako kwa hesabu hiyo ya lita inatoa 76. Mwaka huo huo dereva wake, Ernst Degner, alikwenda Sweden kwenye mbio na hakurudi nyumbani. Akaenda Suzuki na ujuzi wote kichwani, na mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 akiwa na Suzuki. Jasho la mwenzako, kombe kwako! Mpaka leo nikikunja bati la koni pale Gerezani namfikiria yule mzee wa watu.

Kuna la mafuta pia, na hapa nakuomba usimsikilize yeyote atakayekuambia ujaribu. Kwenye mbio wengine wanatumia methanoli, aina ya spiriti. Petroli inahitaji hewa mara 14.7 ya uzito wake, methanoli mara 6.4 tu, kwa hiyo jeti za kabureta, vile vitundu vya mafuta, lazima zipitishe zaidi ya mara mbili. Inapoza injini, inaruhusu kubana zaidi. Lakini moto wake mchana hauonekani, na mtu akiionja akidhani ni ndugu yake gongo, anapofuka au anakufa. Oili ya kawaida haichanganyiki nayo vizuri. Wanatumia mafuta ya nyonyo, haya haya wadada wa Kariakoo wanauziwa ya kukuza nywele. Chenso inayonukia saluni! Hicho tu ndicho kilichonifurahisha kwenye habari nzima ya methanoli.

Cheni nayo ni ufundi wake. Jino hili unalolijua ni la Joseph Cox, mkata miti wa Oregon, aliyemwangalia kiwavi wa mende wa mbao mwaka 1946 akitafuna kushoto na kulia, mwaka uliofuata akatoa cheni yenye mfano huo. Watu wa mbio wananoa jino kwa pembe kali, wanalipunguza hadi linabaki jembamba, wanaondoa mengine kabisa. Linakata paini laini isiyo na fundo kwa sekunde chache, kisha linanolewa tena. Kwenye mlingoti mkavu wenye mchanga kwenye gome halifiki mchana.

Sasa nilichokufanyia. Sili za kranki zilikuwa zimechoka, zinanyonya hewa, ndiyo maana ulikuwa unalalamika inapanda yenyewe bila kuguswa. Nimebadilisha. Nikapitisha waya laini wa risasi, huu wa kuunganishia redio, kwenye tundu la plagi, nikazungusha kranki kwa mkono hadi pistoni ikaubana kwenye kichwa cha silinda. Nikaupima unene kwa venia, kile kipimio cha mafundi: milimita moja na zaidi. Ni nafasi kubwa, mchanganyiko wa pembeni unakaa bila kuungua. Nimeondoa gasketi ya chini ya silinda, nikafunga kwa gundi ya injini, sasa waya unatoka 0.6. Poti sikuzipandisha, nimelainisha mabonde ya kiwandani tu. Mdomo wa silensa nimeupanua kidogo, na wavu wa cheche nimeuacha, maana kiangazi cha huko kwenu na misitu ya Sao Hill sitaki nisikie jina langu.

Kabureta nimeifunga hapa usawa wa bahari, wewe uko karibu mita 1,900, hewa pungufu karibu moja ya tano. Ikifika huko itakuwa na petroli nyingi, itatoa moshi. Ipashe moto, kisha skrubu ya H, ya petroli ya mwendo wa juu, uibane taratibu. Bila mzigo, shikilia mafuta: ilie kwa kugugumia. Izamishe kwenye gogo: mgugumio uishe. Ikilia safi kabla hujagusa mti, umebana mno, irudishe. Na siku ukishuka nayo kufanya kazi Kibaha au popote huku chini, ifungue tena kabla hujaanza, la sivyo pistoni itaungua.

Nguvu iliyobaki iko kwenye tupa. Cheni yako ilikuwa haikati, inasugua. Vizuizi vya kina, vile vinundu vilivyo mbele ya kila jino, nimevishusha hadi milimita 0.65 chini ya jino, usivipunguze tena.

Hamu yako ya kusikia mlio lakini naielewa, kwa sababu na mimi imenishika. Nina injini ya Yamaha DT 175 niliyoipata kwenye skrepa, sleni ya chuma, cc 171. Nimekata upande wa gia wote, kranki inabaki peke yake na klachi mbele. Bomba lake nimeshalikunja. Jirani wa nyuma ameshakuja kuuliza kama nafungua gereji ya ndege. Hapa Vingunguti siwezi kuijaribu kwenye gogo, kwa hiyo naomba unitafutie paini mbichi, iliyonyooka, isiyo na vifundo, kipenyo sentimita 46, uifunge imara kwenye stendi, usiiegemeze juu ya magogo mengine. Nitakuja nayo na ngao ya bati ya mkononi, na asiwepo mtu hata mmoja kusimama usawa wa cheni, mbele wala nyuma. Ikikatika kwa mwendo ule kipande kinaruka kama risasi. Watoto wakae ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Viatu nitakuletea, namba nane bado?

Ya kwako inapanda basi Ijumaa. Tupa mbili za 5.2 nimezifunga kwenye gazeti pamoja na plagi ya akiba. Hela tuma kwa namba ile ile, toa nauli ya mzigo kwanza.

Nisalimie Mama Neema.

Wako,
Shabani