Mjomba, hawa wa kibao kimoja unawaonea

Mjomba, shikamoo.

Nimeisoma hoja yako kwenye kundi la ukoo, kwamba waimbaji wa Ulaya na Marekani wa miaka ya 80 waliotamba na kibao kimoja kisha wakapotea walikuwa wabahatishaji tu. Nilitaka kukujibu palepale, ila ujumbe ukawa mrefu mno, basi nakuandikia hapa hadharani na wengine wasome.

Walipotea machoni pa nani? Orodha unayoitegemea ni ya Marekani, ya jarida la Billboard, ambayo Casey Kasem aliisoma redioni kila wiki katika American Top 40, akianzia namba 40 na kupanda mpaka 1. Chati yenyewe ilipatikana kwa kuuliza maduka yameuza nini na vituo vya redio vimepiga nini. Ilibidi kusubiri hadi 1991 ndipo mauzo yakaanza kuhesabiwa kwa mashine pale kaunta. Kabla ya hapo muuza santuri alisema, wao wakaandika. Kwa ushahidi wa namna hiyo mimi simfungi mtu.

Chukua bendi ya Dexys Midnight Runners ya Birmingham, Uingereza. Aprili 1983 "Come On Eileen" ulishika namba moja Marekani kwa wiki moja tu, umebanwa katikati ya "Billie Jean" na "Beat It", zote za Michael Jackson katika ubora wake. Nani mwingine angepenya hapo? Baadaye Marekani ikawasahau, lakini kwao Uingereza walikuwa wameshaongoza chati tangu 1980 kwa wimbo mwingine kabisa, "Geno". Nena, mwimbaji wa Ujerumani aliyeimba na bendi yenye jina hilohilo, naye ni hivyohivyo. "99 Luftballons" ulifika namba 2 Marekani mwaka 1984, tena ukiwa kwa Kijerumani kitupu. Mpiga gitaa wa bendi, Carlo Karges, alikuwa kwenye tamasha la Rolling Stones huko Berlin Magharibi, akaona maputo yanapaa, akajiuliza ingekuwaje yakivuka ule ukuta uliougawa mji na wanajeshi wa upande wa pili wakadhani wanashambuliwa. Kwao Ujerumani, Nena ni nyota hadi leo.

Thomas Dolby ndiye kipenzi changu. "She Blinded Me with Science" ulifika namba 5 Marekani mwaka 1983, huku mzee Magnus Pyke, mwanasayansi aliyezoeleka kwenye televisheni ya Uingereza, akidakia kwa kelele "Science!" utadhani kakanyagwa mguu. Uingereza, kwao Dolby, wimbo huohuo haukuingia hata arobaini bora. Kisha jamaa akahamia kwenye kompyuta. Unakumbuka simu za Nokia zilipoacha mlio wa noti mojamoja na kuanza kupiga noti nyingi kwa pamoja? Programu iliyoziwezesha ilitoka kwenye kampuni aliyoianzisha yeye, Beatnik. Huenda huyo unayesema kapotea ulitembea naye mfukoni miaka kadhaa, akilia kila shangazi akipiga.

Sikatai, wapo waliotokomea kweli, na nyimbo nyingine hata mimi sizililii.

Ila Bobby McFerrin usimguse. "Don't Worry, Be Happy" ulishika namba moja Marekani Septemba 1988, na ndani yake hamna chombo hata kimoja. Sikiliza tena kwa spika nzuri: besi ni yeye, miluzi ni yeye, mapigo ni yeye anajipiga mwilini, sauti zimerekodiwa moja juu ya nyingine. Kabla ya hapo alikuwa mwimbaji wa jazi mwenye tuzo za Grammy kabatini. Kampeni ya urais ya George Bush mkubwa ilipoutumia wimbo huo, alipinga. Baadaye akashika fimbo ya kuongoza okestra za muziki wa Kizungu wa kale, ikiwemo Saint Paul Chamber Orchestra. Huyo naye alibahatisha?

Halafu, mjomba, kwa heshima zote, kuna ile kaseti yako ambayo umeandika kwa kalamu nyekundu kwamba wimbo huo ni wa Bob Marley. Najua hauko peke yako, nusu ya makondakta wa mji huu watakuapia hivyohivyo. Lakini Marley alifariki Mei 1981.

Nasubiri jibu lako, na safari hii usinitumie emoji.

Mpwa wako