Mkate wa Wishwa

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu wa moyo,

Salamu sana. Huku hatujambo, ila mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika nguo. Uliniuliza hadithi yangu ya yule binti wa Pangani imefikia wapi, nami nikakunyamazia majuma matatu. Nimeifuta yote. Usisikitike, nisikilize kwanza.

Unamkumbuka yule jini wa sura ya kwanza? Alikuwa anaweza kila kitu. Binti akikwama, jini huyo. Bahari ikichafuka, jini anaituliza. Usiku mmoja niliisoma kwa sauti, nikajikuta napiga miayo. Hakuna aliyekuwa hatarini, basi hakuna cha kungojea.

Nikarudi kwa Fumo Liyongo, yule shujaa wa tenzi za pwani. Sote tumekua tukijua kwamba hakuna kinachomuua isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Lakini safari hii kilichonishika ni kule kifungoni. Mama yake anamtuma kijakazi Saada na mikate, na tupa imefichwa ndani ya ule wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, maana walinzi watakula mizuri na huo watamwachia mfungwa. Kisha Liyongo anaomba pachezwe ngoma ya gungu, matoazi na pembe ya siwa vivume, ili tupa ikikereza pingu isisikike. Shoga, hapo hakuna uchawi hata chembe! Kuna mama anayeijua tamaa ya walinzi. Baada ya hapo ukiniambia mwili wake haupenyi silaha, nakubali bila ubishi, kwa sababu ule wishwa nimeshaushika mkononi. Na alipochomwa, akapiga goti karibu na kisima, akavuta upinde, akafia vivyo hivyo. Watu wakakosa maji kwa kumwogopa maiti. Kiu yao naisikia kooni.

Ndivyo ilivyo na riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951, ambayo shuleni niliisoma kwa ajili ya mtihani tu. Nchi iko angani, sawa, lakini ina baraza, ina mashtaka, ina Karama anayesimama kujitetea.

Sasa jini nimemtoa. Binti wangu anasuka mikeka, na anayelala juu ya mkeka wake humwota mtu aliyempoteza. Ila kila mkeka ukimalizika, rangi moja humtoka machoni, hairudi tena. Ya kwanza ni nyekundu. Nilikuwa nimeandika, "Alijawa na huzuni kubwa." Nikafuta. Sasa pameandikwa: "Aliitoa miyaa sufuriani, akamwuliza mdogo wake kama nyekundu imekolea." Sentensi hiyo moja imenila siku mbili, na siku hizo sizijutii.

Ndiyo maana nakuomba jambo. Bibi yako amesuka mikeka tangu usichana wake. Mpe shikamoo yangu, kisha umwulize: miyaa huchemshwa na rangi kwa muda gani? Mvuke wake unanukaje? Na rangi ikishaingia kwenye kucha, hukaa siku ngapi? Mwache aseme kwa maneno yake, nawe uyaandike kama yalivyo, usiyanyooshe. Sura ya nne inaanzia jikoni kwao, na siwezi kumwingiza binti humo kabla sijajua vidole vyake vina rangi gani ambayo mwenyewe haioni.

Nakungoja,
Shoga yako