Msituambie babu zetu hawakuandikwa

Bwana Mhariri,

Makala yenu ya wiki jana kuhusu Waingereza wanaotafuta asili za koo zao niliisoma hadi mwisho, na mwisho wenyewe ndio ulioniudhi. Mwandishi wenu ameeleza vizuri jinsi mtu wa kule anavyoingia kwenye hifadhi ya nyaraka, akaomba daftari la nyumba ya maskini, zile zilizoenea baada ya sheria ya maskini ya 1834, akamkuta humo nyanya wa nyanya yake: siku aliyopokelewa, umri, maradhi, watoto alioingia nao. Ametaja pia madaftari ya hospitali na mafaili ya mahakama ya kuchunguza vifo. Kisha akamalizia kwamba sisi huku hatuna cha kutafuta, kwa kuwa babu zetu "hawakuandikwa" na historia yetu ilikuwa ya mdomo tu. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwalimu kijana na sijapata kuwaandikia hata mara moja. Hili siwezi kulinyamazia.

Babu zetu waliandikwa, tena mno. Mkoloni hakumtoza kodi ya nyumba mtu asiyemjua jina. Kipande, kitambulisho cha lazima cha mkoloni, kilipoanza kutumika hapa Kenya mwaka 1920, kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akaandikwa jina, kabila, wilaya, mwajiri na mshahara, akatembea na karatasi hiyo shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Huyo ndiye mtu asiyeandikwa?

Na kabla ya kipande kulikuwa na Kariakoo, jeshi la wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Babu yangu mzaa baba alichukuliwa Rabai mwaka 1917, wakati machifu walipobanwa watoe vijana wa kubeba mizigo ya Waingereza kuwafuata Wajerumani huko kusini. Aliacha mke na mtoto anayetambaa. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Mwenzake aliyerudi alisema tu kwamba waliteremka naye melini akiwa anaharisha damu, akachukuliwa hospitali, basi. Baba aliingia kaburini bila kujua baba yake alizikwa wapi. Mimi ndiye niliyepewa jina la babu, kama ilivyo desturi yetu, na kila ninapoitwa nakumbuka kwamba kuna mahali jina hili liliandikwa na karani akageuza ukurasa.

Vita vile Waingereza walichukua wapagazi wapatao milioni 1 katika Afrika Mashariki na Kati, na waliokufa ni zaidi ya 90,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na unga wa mahindi uliopikwa nusunusu kwa watu ambao hawakuuzoea. Walifia katika hospitali za wapagazi Dar es Salaam, Kilwa, Lindi na kwingineko, na hospitali ina daftari. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Basi tusiambiwe kwamba kazi hii haiwezekani. Januari 2025 kule Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,700 ya wafanyakazi Weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita hivyo hivyo, miaka mia baadaye. Majina hayo hayakuoteshwa na mtu. Yalitafutwa kwenye nyaraka.

Sasa nieleze yaliyonipata. Nilikwenda katika hospitali moja kongwe ya serikali hapa Pwani, siitaji, nikiwa na barua ya chifu, kitambulisho na nakala ya cheti cha kifo cha baba. Dirisha la kwanza nikaambiwa niende la pili, la pili likanirudisha la kwanza, hadi binti mmoja mwenye adabu, aliyeniamkia vizuri, akaniambia, "Mzee, rekodi za miaka hiyo hatuna, zilishaliwa na mchwa." Nami huku nakiona kitabu. Kilikuwa chini, kimeegemezwa mlango usigongwe na upepo wa kusi: jitabu zima, mgongo wa ngozi, 1921 imeandikwa kwa wino uliokwisha kuwa hudhurungi. Nikainama nikakifungua. Safu zimepigwa mstari kwa mkono: jina, kabila, kijiji, chifu, maradhi, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Kwenye safu ya mwisho, ambako wengine wameandikiwa tarehe, wengine wameandikiwa herufi moja tu ya kwamba wamekufa. Karatasi za mwanzo zilikuwa zimechanwa. Nilisoma mistari kama kumi hivi: Wagiriama, Waduruma, Wataita, mtoto mmoja hana jina, ameandikwa "wa" fulani. Akatokea mkubwa wake, akakifunga kile kitabu mbele ya macho yangu na kuniambia kwamba hiyo ni siri ya mgonjwa. Siri ya mgonjwa, Bwana Mhariri! Mgonjwa aliyekufa miaka mia iliyopita, ambaye siri yake inakanyagwa na kila apitaye mlango ule na inachanwa na asiyejulikana, lakini mjukuu akitaka kuisoma ndipo inapokuwa siri. Huko Uingereza mnakokusifu, faili la mgonjwa likitimiza miaka 100 kwa kawaida hufunguliwa. Hapa linatimiza miaka 100 na kufanywa kabari ya mlango. Kisha tunaambiwa hatukuandikwa.

Na msinieleze habari za mchwa. Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala la London lililokuwa na mafaili ya askari wa vita vya kwanza, zaidi ya nusu yakateketea. Yaliyosalia, mengine yameungua kingo na kulowa maji, yaliokotwa, yakapigwa picha, na leo mtu anayasoma. Kinachohitajika kwanza ni mtu kuona kwamba karatasi ile ina thamani.

Anayedhani haya ni mambo ya wastaafu wasio na shughuli na akumbuke Hola, kambi ambamo mkoloni aliwafungia watu wa Mau Mau. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 walikufa kambini, na serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi wa vifo vile, mbele ya hakimu, ndio ulioweka kwenye maandishi kwamba walikufa kwa kipigo. Makaratasi ya aina hiyo yapo kwa watu wengine wengi ambao, tofauti na wale wa Hola, hawakutajwa katika Bunge la London.

Nikiwa bado na hasira, niseme na lenu. Kurasa zenu za nyuma huchapisha matangazo ya hospitali kuhusu miili isiyo na wenyewe iliyolala mochwari: herufi ndogo hata kwa miwani hazisomeki, "mwanamume mzima asiyejulikana", "mtoto wa" fulani, jamaa wapewe siku 7, baadaye ni kaburi la pamoja. Hakuna alama ya mwilini, hakuna mtaa alikookotwa, hakuna rangi ya nguo. Ukurasa wa pili, tangazo la kubahatisha mpira limechukua nusu nzima. Mjukuu wa mtu huyo asiyejulikana atakuja kuambiwa na mwandishi fulani kwamba babu yake hakuandikwa.

Ninachotaka ni hiki. Kila hospitali kongwe ya serikali itoe madaftari yote ya kabla ya 1945 kwenye stoo na kwenye milango, iyaweke ndani ya makabati mawili ya chuma yaliyoinuliwa juu ya matofali, chumba kikavu, kafuri ndani. Wapewe kazi walimu wastaafu wawili wanaoweza kusoma mwandiko wa zamani na kijana mmoja mwenye simu yenye kamera nzuri. Kila ukurasa upigwe picha, nakala moja iende Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, Nairobi, nyingine ibaki maktaba ya kaunti. Orodha ipangwe kwa kijiji na chifu, isiwe kwa jina peke yake, maana kwetu jina la babu hurudi kwa mjukuu, na akina Kazungu wa Charo watakuwa mia. Ada ya kutazama isizidi shilingi 50. Ninyi nanyi mtupe nusu ukurasa kila Jumamosi, mchapishe majina ya daftari moja baada ya jingine, kwa herufi za ukubwa wa yale ya mpira.

Barua ya kuomba ruhusa nimeshaipeleka kwa mkuu wa hospitali ile na nakala yake imo ndani ya bahasha hii. Nipeni mwandishi wenu mmoja, yule yule aliyeandika makala ikiwezekana, tufuatane siku ya kujibiwa. Mzee akienda peke yake hurudishwa dirishani.

Wenu,
Mwalimu mstaafu,
Rabai, Kilifi